Mashine Tuliyoichagua kwa Kilo

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, hakuuawa na shimo la Kalima. Alikufa kwa vidonda vya mgongo, mwaka mmoja na zaidi baada ya shimo. Nataka kuandika namna mashine ya kuchezea michezo ilivyoingia katika kifo hicho, kwa sababu nyumbani jambo hilo hatulisemi. Naandika polepole. Niliishia darasa la sita la shule ya msingi, na tangu utoto mdomo wangu hufunga mbele ya watu. Kalamu inanisaidia kidogo.

Alikuwa akichimba kasiterite, madini ya bati, mgodini Kalima. Udongo ulimwangukia kiunoni, na wenzake wakamfunga kwa kitenge nyuma ya dereva wa pikipiki, mmoja akakaa nyuma yake kumshikilia, wakamleta hivyo mpaka kwa mama, mtaa wa Alunguli hapa Kindu. Alipofika alikuwa hai, lakini miguu yake haikuwa yake tena. Kwenye kituo cha afya muuguzi alituambia maneno machache:

"Mumukalishe kila siku. Mumugeuze. Muntu akilala njia moja tu, mugongo inaoza."

Basi kazi yetu ilikuwa hiyo, kumkalisha. Lakini yaya hakutaka. Alitazama mabati na kusema, "Muniache." Alikuwa mtu mzito, mwenye kifua cha mchimbaji, na kumnyanyua kulihitaji wanaume wawili. Nilikuwa mimi pamoja na jirani yetu, mzee mwenye jenereta ambaye watu humletea simu zao kuchaji. Kila alasiri alikuja, akavua kandambili mlangoni, akashika upande wake. Yaya alitutukana sote wawili kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha baada ya dakika kumi akaomba kulazwa. Kidonda cha kwanza kilitokea juu ya makalio, chekundu, kikubwa kama kizibo cha chupa.

Siku moja aliona kwenye simu yangu video ya mchezo wa malori. Mtu anaendesha lori kubwa kwenye matope, mvua inanyesha, gurudumu linazama, anarudi nyuma, anajaribu tena. Kabla ya kwenda Kalima yaya alikuwa dereva wa pikipiki, na siku zote alisema kwamba pikipiki ni njia tu ya kufikia lori. Alitazama video hiyo mara tatu. Halafu akasema:

"Munikalishe, nione muzuri."

Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Aliinama kama mtu anayetafuta kitu chini, ili tusimwone uso.

Ndiyo tukaanza kuchagua mashine, kompyuta ya kuchezea mchezo huo. Pikipiki yake iliuzwa, na bei yake ilitosha mashine ya katikati, si ile inayokwama kwenye kila mchezo, wala si ile ya watoto wa matajiri. Hapa Kindu huwezi kuingia dukani ukaikuta imekaa. Vipande vyake tuliviagiza Goma, kwa muuzaji tuliyepewa namba yake na fundi mmoja wa Kasuku, ng'ambo ya mto, navyo vingekuja kwa ndege. Kila siku muuzaji alituma picha na majina ya vipande, na yaya, akiegemea ukuta, alivichambua kama alivyochambua mchanga wa mgodini. Kwa prosesa, ule ubongo wa mashine, alibishana siku nne: hii ina nguvu zaidi, ile inatumia umeme kidogo. Kwa rami, kumbukumbu yake, aliamua upesi. Alipofika kwenye kadi ya picha, ile inayochora barabara na mvua kwenye kioo, alikaa saa nzima bila kuomba kulazwa. Kidonda kilianza kukauka pembeni.

Nilipoona hivyo, nilianza kuchelewesha. Muuzaji akijibu asubuhi, nilimwonyesha yaya kesho yake. Sioni haya kwa hilo.

Lakini kuna jambo jingine, na hili lina mizizi katika vita vya zamani. Mama alikuwa mchuuzi wakati treni ilipokufa na barabara zikafungwa, na chumvi, sabuni, sukari, vyote vikawa vinashuka kutoka angani. Ndege hutoza kwa kilo. Mama alitoa sabuni kwenye katoni, akaifungua karatasi yake mche kwa mche, akatupa hata kamba. "Kartoni haiuzwe," alisema. Mimi nilikua nikicheza na mizani yake, na nilijua uzito wa vitu kabla ya kujua kusoma. Nadhani watu wengi wa Kindu wa umri wetu wako hivyo: tukishika kitu dukani, kwanza tunakipima kwa mkono.

Kwa hiyo kila kipande alichotuma muuzaji, mimi niliandika swali moja: kilo ngapi?

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka. "Mudogo, weye unanunua mashine ao unanunua samaki? Na mbona hupokee simu yangu? Naona tu 'anaandika, anaandika' tangu nianze kunywa chai. Chai imeisha!"

Yaya alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwambie mudogo wangu anaandika na nyundo."

Kipande cha mwisho kilikuwa alimantasio, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuvigawia vipande vingine vyote. Yaya hakukijali. "Hiyo chagua weye," alisema, "haionekane." Alikuwa amekwisha kupenda kadi ya picha yenye feni mbili, kubwa, nzito kuliko tulivyopanga. Alimantasio zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kilo mbili na zaidi. Nyingine haikufika kilo. Kwenye lebo za zote mbili iliandikwa nguvu ileile.

Muuzaji alinipigia mara mbili. Sikupokea, kama kawaida yangu. Basi akatuma sauti, nami nikaenda kuisikiliza peke yangu nyuma ya jiko. Alisema, "Mudogo, sikia. Ile nyepesi ni uongo. Ndani haina kitu. Na umeme yenu ya jenereta inapanda inashuka. Beba ile nzito, utanishukuru."

Nilisimama pale na simu mkononi. Nilijua kwamba nikichukua nzito, kadi ya feni mbili haitaingia kwenye pesa tulizokuwa nazo za mzigo wa ndege, na itabidi nirudi ndani nikamwambie yaya achukue kadi ndogo. Sikutaka kuuona uso wake akiambiwa hivyo. Niliandika: Tuma ile ya kilo kidogo. Ile sauti nikaifuta.

Mzigo ulifika bila katoni hata moja, umeviringishwa ndani ya sweta kuukuu za watoto, maana muuzaji naye alijua desturi yetu. Mama aliupima na kusifu. Tuliunganisha mashine kitandani. Mikono ya yaya ilifanya kazi yote, mimi nilishika tochi. Jirani alivuta waya kutoka kwenye jenereta yake, na mashine ikawaka.

Kwa siku kumi na moja yaya alikuwa shofa, dereva wa lori. Jirani ndiye aliyemwita hivyo.

"Shofa, leo tunaenda wapi?"

"Mbali. Shika nguvu, barabara iko mubaya."

"Shusha mimi mbele kwa soko."

"Hapa hakuna soko, iko matope tu. Lipa kwanza."

Alikaa saa mbili, saa tatu. Alikula akiwa amekaa. Muuguzi alipokuja kutazama kidonda, alisema kimefunga, akauliza tumetumia dawa gani.

Siku ya kumi na mbili, mchana, jenereta ilikohoa mara moja kama inavyokohoa kila siku. Ndani ya mashine kitu kililia ta!, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, kioo kikawa cheusi. Yaya aliendelea kubonyeza.

Nilivuka mto na mashine mgongoni kuipeleka kwa fundi wa Kasuku. Aliitoa alimantasio, akairusha kidogo na kuidaka kwa mkono mmoja.

"Nani alichagua hii? Iko kama kopo tupu. Imekufa, na imevuta kadi mama pamoja nayo." Kadi mama ni ule ubao unaoshikilia vipande vyote.

Njiani kurudi, ndani ya mtumbwi, nilipanga maneno ya kumwambia yaya ukweli. Nilipoingia aliniuliza, "Njo nini iliharibika?" Nikajibu, "Fundi anasema njo umeme ya jenereta," yaani ndio umeme ulioiua.

Maneno yenyewe hayakuwa uongo wote, na ndiyo maana yalitoka kwa urahisi.

Alasiri jirani alikuja kama kawaida, akavua kandambili. Yaya hakumngoja aingie.

"Gurupu yako, hiyo jenereta, njo imeua mashine yangu."

"Gurupu yangu inachaji simu ya kata nzima, Shofa. Haijaua hata moja."

"Usiniite Shofa. Toka humu."

"Unanifukuza mimi? Mimi ninakubeba kila siku kama mutoto?"

"Toka!"

Jirani alinitazama, akingoja niseme neno. Nilitazama kandambili zake. Alizivaa akaondoka.

Tangu hapo tulibaki mimi na mama. Mama alikuwa na mkono mmoja mbovu, hakuweza kunyanyua. Nilijaribu peke yangu: nilimshika chini ya makwapa nikamburuta hadi ukutani. Kumburuta si kumnyanyua. Ngozi mpya ya kidonda ilichanika, na kingine kikafunguka kando yake. Baada ya siku chache yaya alikataa kuburutwa. Alisema atakaa siku alimantasio mpya itakapofika.

Nilikuwa nimemwandikia muuzaji. Safari hii niliomba ile nzito, na kadi mama nyingine. Alijibu kwamba ameviweka kando, vitapanda ndege ya Alhamisi. Kabla ya Alhamisi vita viliingia Goma. Tuliona kwenye simu za watu barabara alizozisema muuzaji katika sauti zake, zimejaa watu wanaokimbia na magodoro. Uwanja wa ndege ulifungwa. Ujumbe wangu wa kumwuliza habari ulibaki na alama moja tu, haukumfikia.

"Amejibu?" yaya aliuliza kila asubuhi.

"Bado."

Mama alipima chumvi yetu upya na kuificha. Alisema, "Imeanza tena."

Wiki zikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sitaiandika. Muuguzi alikuja, akasafisha, akaniita nje. Alisema kidonda kimefika mfupa, na kwamba dawa peke yake ni kazi bure. "Bado njo ile ile. Anyanyuliwe. Muko na wanaume wangapi hapa?"

Nikaandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari. Ilinichukua siku mbili. Sauti niliyoifuta, kilo, maneno ya fundi, uongo wangu. Nilitaka kumpa jirani karatasi hiyo mkononi, asome akiwa peke yake, mimi nisubiri nikitazama chini.

Nilimkuta chini ya kibanda chake na watu sita wanaosubiri simu. Aliipokea, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akamkabidhi msichana wa shule aliyekaa karibu naye.

"Nisomee, mutoto wangu. Macho yangu haione."

Msichana alisoma kwa sauti, kama darasani, akisimama pale maandishi yangu yalipomshinda na kuniuliza, "Hapa uliandika nini?" Nami nililazimika kumwambia, mbele ya wote. Alipofika kwenye kilo, kijana mmoja alipasuka kucheka. "Hata mimi ningechukua nyepesi!" Mama mmoja akamwambia afunge kinywa.

Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miezi mbili. Ulikuwa unapita hapa kila siku, unanisalimia."

Alizima jenereta. Watu walilalamika kuhusu simu zao, hakuwajibu. Alinawa mikono, akachukua karatasi, akatangulia mbele yangu.

Ndani, hakumsalimu yaya. Aliweka karatasi kifuani pake. Yaya aliisoma mwenyewe, polepole zaidi kuliko nilivyoiandika. Nilisikia mama akiacha kutwanga kwa mkono wake mzima. Alipomaliza aliikunja mara nne.

"Ningekuwa na miguu ningekupiga," akaniambia.

"Piga, yaya. Nitakaribia."

"Nyamaza."

Jirani aliinama kumshika. Siku zote mimi ndiye niliyeshika mabega, kwa sababu yaya alipenda kunisukuma kwa kichwa nikimnyanyua. Nilienda mahali pangu. Yaya aliondoa bega lake chini ya mkono wangu.

"Weye, shika kule."

Nilizunguka kitanda nikashika miguu, jirani akahamia mabegani. Tukamnyanyua, na safari hii hakumtukana mtu. Alikaa akiegemea ukuta, akitazama mlango, mpaka jua likahama kizingitini.

Aliishi wiki tano zaidi. Jirani hakukosa hata siku moja. Yaya aliongea naye, aliongea na mama. Mimi kila alasiri nilibeba miguu, ile sehemu yake ambayo hakuisikia.