Nilivyowatangazia Wagonjwa Waje na Macho ya Ndugu Zao

Nilisema najua Kihindi. Hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yote yalifuata nyuma yake kama mkia. Ukweli ni kwamba sijui hata kuhesabu mpaka tatu kwa Kihindi, lakini nilisimama mbele ya kidato cha tatu kizima nikasema najua, tena nikaongeza "kama maji", na haya nayaandika nimeinamisha kichwa, kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu.

Sasa niwaeleze ujasiri huo niliutoa wapi. Mimi ni DJ. Si DJ wa harusi, ni DJ wa kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza cha Mzee Kibwana kule Mji Mpya, kile chumba cha mabati chenye mabenchi sita na televisheni moja na joto la kuivisha mihogo. Filamu ya Kihindi inawekwa, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, nawaambia watu kwa Kiswahili nini kinasemwa. Kazi yenyewe iko hivi: nasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na yakipita haraka (na yanapita haraka, sijui nani anayeyakimbiza), nabuni. Mama akilia, nasema anamlilia mwanawe. Mwenye masharubu akicheka, nasema anataka shamba la watu. Kuna sheria moja tu, usinyamaze, maana DJ akinyamaza sekunde tano anarushiwa maganda ya karanga, na mimi nimerushiwa, najua yanavyouma.

Filamu iliyonipa jina inaitwa Umeedpura. Humo staringi ana dada yake kipofu, na dada anataka kuolewa lakini anataka aione harusi yake mwenyewe, basi staringi anakwenda hospitali anatoa jicho lake moja anampa dada, halafu kwa lile moja lililobaki anapigana na watu arobaini. Pale anapotoa jicho, Mji Mpya nzima inalia. Nimeitafsiri mara nane, na mara zote nane nimelia na mimi.

Sasa Ijumaa moja mwalimu wetu wa zamu, Mwalimu Mlowe, akaingia darasani akauliza, "Nani hapa anaijua Umeedpura?"

Darasa likalipuka. Watu wanagonga madawati, wanaimba "Fausti! Fausti!", mimi huyo nikasimama kwa madaha.

"Naijua yote, mwalimu. Nimeitafsiri mwenyewe mwanzo mpaka mwisho."

Mwalimu akafurahi mpaka akavua miwani. "Kumbe umeshafanya kazi nao! Basi Mungu ametusikia. Mkalimani wao anaumwa tumbo, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha wagonjwa."

Wagonjwa? Ndipo akaeleza kwamba Umeedpura ni shirika la madaktari wa macho kutoka India, limepiga kambi kwenye ukumbi wa kanisa, linapasua mtoto wa jicho bila mtu kutoa hata senti. Daktari wao anajua Kiingereza, ila yeye yuko ndani na visu vyake, anayewapa wagonjwa maelekezo ni mama mmoja wa kujitolea ambaye kwa lugha ni Kihindi tu, basi.

Hapo, ndugu zangu, ndipo palikuwa pa kusema, "Samahani mwalimu, mimi nilidhani filamu." Maneno matano. Lakini kesho yake nilikuwa na adhabu ya kusafisha vyoo (kulikuwa na mjusi ndani ya boksi la chaki, kesi ndefu, tuiache), nikapima vyoo na Kihindi, nikaona Kihindi kina harufu nzuri zaidi.

"Kihindi unakiweza kweli?" mwalimu akauliza.

"Kama maji, mwalimu."

Na kuna jambo jingine ambalo ningelijua kama ningekuwa na masikio. Wiki nzima mama alikuwa ananiambia kwamba Jumamosi tunamshusha Bibi kutoka Kinole aje atazamwe macho, na mimi wiki nzima naitikia "ndiyo mama, sawa mama" huku nachezea simu. Bibi mzaa mama alikuwa haoni kwa miaka miwili. Alikuwa anatujua kwa nyayo, anapapasa mkungu wa ndizi kujua kama umekomaa, na masika yaliyopita alijimwagia uji wa moto mguuni kwa sababu alidhani kikombe kiko pale kumbe hakipo. Tangu siku ile mama hakulala vizuri. Kambi ilikuwa ya siku chache tu, na ikiondoka hakuna ajuaye itarudi lini.

Basi Jumamosi asubuhi naingia ukumbini na shati nililopiga pasi, naona watu zaidi ya mia kwenye mabenchi, wazee wa Mgeta na Matombo na fimbo zao, na benchi la mbele kabisa naona kitenge ninachokijua. Bibi! Na mama yuko kule kwenye meza ya kuandikisha, kwenye foleni, ameshika kadi.

"Shikamoo Bibi," nikanong'ona.

"Marahaba, Fausti wangu. Nimekusikia unavyoburuta kiatu. Wanasema wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiyo, Bibi."

Akawageukia wenzake benchini akasema kwa sauti, "Huyu wa kwangu!" Afadhali angenizaba kofi.

Yule mama wa Kihindi akasimama, sari ya bluu, uso wa upole, akanishika bega akaanza kuongea. Aliongea sana. Mimi nasubiri maandishi yapite chini yake, na mama wa watu hana maandishi. Nikashika neno moja, "ankh", jicho, hilo nalijua maana kwenye filamu linasemwa kila baada ya dakika mbili. Nikashika na "bhai", kaka, na "behen", dada. Halafu akafanya ishara ya kidole, akakielekeza kwa msindikizaji mmoja, kisha akakipeleka kwenye jicho la mgonjwa. Akamaliza. Akanitazama. Ukumbi wote ukanitazama.

Sekunde moja, mbili, tatu. Mkono wangu ukapanda wenyewe kukinga uso, nasubiri maganda. Na DJ hanyamazi.

"Ndugu wagonjwa!" nikapaaza, tena kwa ile sauti nzito ya kibandani. "Mama anasema kila mgonjwa aje na ndugu yake wa damu, kaka au dada, ambaye yuko tayari kumtolea jicho! Jicho moja tu! Ndugu atabaki na moja la kutazamia!"

Yule mama wa Kihindi akatikisa kichwa kwa furaha, akidhani nimemfikisha.

Mzee mmoja wa Mgeta akanyoosha fimbo. "Samahani kijana, mimi nimekuja na shemeji. Shemeji ni ndugu?"

"Shemeji ameshatoka, mzee," mtu akamjibu, na ni kweli, shemeji alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Mama mmoja akamgeukia mumewe. "Baba Anna, si ulisema unanipenda?"

"Nakupenda, lakini hapa wametaka wa damu," Baba Anna akasema huku anatafuta kofia yake.

Watu wakaanza kuinuka, wasindikizaji kwanza, wagonjwa nyuma yao wanapapasa mabenchi, na katikati ya zile vurugu Bibi akasimama.

"Mimi hapana!" akasema. "Binti yangu ana macho yake na mjukuu wangu ana macho yake. Mimi nimeshaiona dunia, imetosha. Sitaki jicho la mtoto!" Akashika ukuta, akatoka, na mimi bado nimesimama palepale mbele ya watu.

Ndipo nikasikia kicheko. Pembeni, kwenye benchi la wagonjwa, alikuwa amekaa Bi Zarina, mwenye duka la vyombo pale sokoni, Mhindi wetu wa Morogoro aliyezaliwa hapahapa, anayetukana kwa Kiswahili kuliko sisi. Na yeye alikuja kwa ajili ya macho yake. Alikuwa anacheka mabega yanaruka, anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Wewe mtoto! Hiyo ni filamu! Nimeiona mara tatu, na mimi nililia!"

"Ndiyo, Bi Zarina," nikasema.

"Mama wa watu anasema mgonjwa aje na ndugu wa kumtilia matone ya dawa! Matone! Akishapasuliwa mikono yake itatetemeka, hawezi mwenyewe! Wewe jicho umelitoa wapi?"

Nikataka kukimbia. Nilishageuka kabisa. Bi Zarina akanidaka mkanda wa suruali, mwanamke mfupi lakini ana mkono wa kubebea masufuria, akasema jambo ambalo nitamshukuru kwalo mpaka nizeeke.

"Unakwenda wapi? Mimi sauti yangu ndogo, haifiki hata benchi la tatu. Wewe unayo. Mimi nitakwambia Kiswahili chake, wewe utapiga kelele. Wasimamishe hao."

Basi nikasimama juu ya benchi nikatangaza kwamba mimi ni mwongo. Nilitangaza hivyohivyo. Kwamba sijui Kihindi, kwamba nimewasimulia filamu, kwamba hakuna jicho la mtu litakalotolewa, ni matone. Kuna waliocheka, kuna waliosonya, mzee wa Mgeta aliniita jina ambalo siliandiki, lakini walirudi. Shemeji alirudi wa mwisho, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Yule mama wa sari, Bi Zarina alipomweleza, alishika mdomo kwa mikono miwili, nikadhani nimekwisha, kumbe anacheka. Akasema kitu, Bi Zarina akanitafsiria: kwao jina zuri likipatikana kila mtu analitaka, filamu inalichukua, shirika linalichukua, hata chama cha akina mama wa kushona kinalichukua, na wao wameshazoea kupigiwa simu na watu wanaoulizia staringi.

Lakini Bibi hakurudi. Bibi hakusikia.

Nilimkuta barabarani amekalia jiwe, anauliza wapita njia kama kuna pikipiki ya kwenda Kinole. Nikapiga magoti vumbini.

"Bibi, nilidanganya. Ni matone tu. Hawatoi jicho la mtu."

Akanipapasa uso. Vidole vyake vikasimama juu ya kope zangu.

"Unadanganya sasa," akasema. "Unataka kutoa jicho halafu hutaki nijue. Nakujua wewe."

Jamani. Miaka yote nimedanganya watu nikaaminiwa, mjusi alipotoka kwenye chaki nilisema aliingia mwenyewe nikaaminiwa karibu nusu, siku ninayosema kweli ndiyo siku ninayokataliwa, tena na mtu anayenikataa kwa sababu ananipenda. Nililia, sifichi. Halafu nikakumbuka simu. Rafiki zangu huwa wananirekodi kibandani ili wanicheke. Nikatafuta, nikaweka sauti ya juu, nikamsogezea sikioni: mimi huyohuyo, sauti ileile nzito, "Chukua jicho langu dada, mimi nitabaki na moja la kutazamia harusi yako!" na nyuma watu wa Mji Mpya wanalia na mmoja anauliza karanga ziko wapi.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

"Na huyo aliyetoa jicho?"

"Ni wa filamu, Bibi. Hayupo."

"Akaoa, au alibaki hivyohivyo?"

"Alioa."

"Basi vizuri," akasema, akanipa mkono nimwinue.

Tulifika ukumbini wanafunga daftari. Watu wengi walipoteza nafasi kwenye zile vurugu ikabidi wapange upya, lakini mama alikuwa bado amesimama palepale kwenye foleni na kadi mkononi, hakusogea hata hatua moja, na Bibi akaandikwa wa tatu kutoka mwisho. Mama alinitazama tu, na mnajua mama anavyotazama.

Bibi akapasuliwa siku hiyohiyo. Kesho yake walipomfungua bandeji mimi ndiye niliyekuwa mbele, akapepesa, akapepesa tena, akanitazama muda mrefu mpaka nikaona aibu.

"Fausti," akasema, "kumbe umefanana na baba yako hivyo. Pole."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Namshukuru daktari ambaye hata jina lake sikuweza kulitamka, namshukuru yule mama wa sari ambaye angeweza kunifukuza akacheka, namshukuru Bi Zarina na mkono wake wa masufuria, na ninamshukuru hata Mwalimu Mlowe aliyenirudisha kwenye vyoo wiki mbili mfululizo, kwa kuwa haki ni haki. Kibandani bado naenda, ila sasa maandishi yakinipita nasema, "Hapa sikuelewa," na maganda yakija nayapokea.

Mama alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne nilimkuta kwenye cherehani yake, anashona sare ya mtu, nikakaa chini karibu naye nikamwomba radhi, nikamuuliza kama atanisamehe au ataendelea kuninunia mpaka Krismasi. Akasimamisha gurudumu la cherehani. Akasema:

"Ulipotangaza yale maneno yako watu wote wakakimbia, mimi nikabaki kwenye foleni. Unajua nilikuwa nafanya nini pale? Nilikuwa nachagua. La kulia ndilo ninalotungia uzi kwenye sindano, nikasema basi wampe Mama la kushoto. Nilishaliaga kabisa, Fausti. Sasa nipishe, unanizibia mwanga."