Asmini kwenye Kaburi la Baba

Siku chache kabla ya Ramadhani, mama yangu wa kambo alitaka kulizuru kaburi la baba. Yeye ni Mjava, na kwao kabla ya kufunga watu hufagia makaburi ya wazee wao, huyamwagia maji na maua, kisha huomba dua. Ami yangu akamkataza, sebuleni kwetu, mtaa wa Khuwair.

"Shemegi, hiyo bidaa, uzushi katika dini. Maiti hana haja ya maua."

"Haja ninayo mimi. Pale nnakumbuka nilikotoka na nnakokwenda."

"Kumbuka hapa hapa nyumbani."

Nilichemka. Ami huyuhuyu kila mwaka hupanda ndege hadi Unguja, kwetu kwa asili, kupaka chokaa kaburi la babu na kusomesha khitima.

"Na lile la Unguja, ami?"

"Lile la mzazi wangu."

"Na hili la mume wangu," mama akasema, akachukua ufagio.

Nikatoa gari. Makaburini aling'oa miiba, akanyunyiza asmini, akasoma Fatiha, kisha akamtaka baba radhi kwa ukali wote aliomfanyia alipokuwa akimuuguza. Tuliporudi, ami alikuwa kashawapigia simu jamaa kwamba tumeingia ushirikina. Ushirikina gani, wa mke kumtaka mumewe radhi?