Wiki Tatu za Kuitikia kwa Kichwa

Naikumbuka Alhamisi moja hapa Gisenyi, mwanangu, na mpaka leo nikiiwaza nashusha pumzi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hatujamaliza hata kuzoea kurudi kutoka Congo. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilituletea sisi vijana wa maabara hadubini, sanduku la kuoteshea vijidudu, na mwalimu wa kutufundisha kupima maji ya ziwa. Zamani maji tuliyatuma huko kwao, na majibu yakirudi watu wameshayanywa miezi. Safari hii tulitaka kupima wenyewe.

Mwalimu akafundisha kwa Kiingereza. Mimi nimesoma kwa Kifaransa, Kiingereza changu cha salamu tu. Lakini nilikuwa kijana wa diploma, na kiburi kile! Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, naitikia kwa kichwa. Wenzangu wakiniona, nao wanaitikia. Wiki tatu! Mficha uchi hazai, lakini nilikuwa nasikia la mtu?

Alhamisi hiyo akatuambia kesho anaondoka, maabara ni yetu. Nikalowa jasho. Mama Espérance, muuguzi mzee aliyetuletea maji kutoka Rubona, kando ya ziwa, akanivuta pembeni.

"We mutoto, maji ya leo utapima wewe?"

"Mama, mi sijui hata pa kuanzia."

"Yesu wangu! Sasa ulikuwa unaitikia nini? Watu wakunywe maji mabaya sababu ya haya yako? Enda umuambie mwalimu, bado iko pale."

Nikaenda, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba sikuelewa kitu. Kumbe Kifaransa anakijua kuliko mimi! Aliambiwa sisi ni wa kutoka Uganda, tuliosoma kwa Kiingereza. Akaketi, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Bon," akasema, "nami niliogopa kuwauliza kama Kiingereza mnakielewa kweli, nisije nikawavunjia heshima."

Akaahirisha safari wiki moja. Akaweka mikono mfukoni, sisi tukashika kila kitu, tukakosea, tukarudia. Siku tuliposoma majibu yetu ya kwanza, maji yalikuwa na vijidudu, na Mama Espérance aliondoka mbio kuwaambia watu wa Rubona wachemshe maji. Nililia kwa furaha kwamba safari hii watu wamejua mapema, sikuona haya.

Basi, mwanangu, akija mgeni na elimu yake, mkaribishe, mshukuru, kisha umng'ang'anie: rudia hapo, sijaelewa. Kuuliza si ujinga. Nawe ukiwa mwalimu, mwachie mwanafunzi akosee ungali karibu naye. Mungu akupe ulimi usioogopa, akupe walimu wasiochoka, na wanaoitegemea kazi yako wasiugue kwa ajili yako.