Malasi ya Safari ya Kaka

Wiki jana, katika duka moja la mtaa wa Kimemi, hapa Butembo, msichana muuzaji alinipulizia malasi shingoni bila hata kuniuliza. Nilipiga kelele. Wallahi nilipiga kelele, mimi mama wa mtu, mpaka wateja wote wakageuka na mwenye duka akaacha kupima kitenge. Msichana wa watu alianza kujitetea: "Pardon, maman, iko ya machungwa tu. Iko ya maua." Najua ni ya machungwa! Najua ni ya maua! Ndiyo maana nilipiga kelele.

Kwanza linakuja ganda la ndimu, linachoma pua. Halafu chungwa lenyewe, kana kwamba mtu analimenya chini ya kidevu chako. Ukidhani mambo yamekwisha, ndipo linapokuja ua jeupe la mchungwa, lenye utamu wa asali na usafi wa sabuni mpya, na hilo ndilo linalobaki kwenye ngozi mpaka jioni. Sikuwa nimeinusa harufu ile tangu nilipokuwa na miaka tisa. Mwenye duka aliniletea kiti, na pale kwenye kiti nikajikuta niko Mususa, nimepiga magoti mbele ya sanduku la Kaka, valizi yake ya bati.

Ninyi mnaonisoma kutoka mbali msinicheke. Kwenu kaka ni ndugu wa kiume. Kwetu Butembo Kaka ni nyanya, mama aliyemzaa mama yako. Na malasi ni marashi. Kaka wangu alinilea yeye mwenyewe katika nyumba ya mabati pale Mususa, tukilima maharagwe na viazi nyuma ya nyumba, na kwenda misa kila Jumapili tumejifunga vitambaa kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mcheshi akitaka, na akikasirika hata kuku walijua.

Chini ya kitanda chake ilikuwako valizi ya bati. Kila mwezi mpya aliifungua ili nguo zilizomo zipate hewa: gauni jeupe ambalo halijavaliwa hata siku moja, kitambaa cheupe cha kichwa, soksi nyeupe, rozari. Na chupa. Chupa ya malasi ambayo mjomba wangu, mfanyabiashara, alimletea kutoka Dubai, imechorwa tawi la mchungwa lenye maua. Mjomba alidhani mama yake ataipulizia akienda misa. Kaka hakuigusa. Aliniruhusu kunusa kifuniko tu, tena mara moja, na akakirudisha haraka kama mtu anayefunika sufuria.

"Kaka, hii malasi ni ya nini?" nilimwuliza.

"Ni ya safari yangu."

"Safari gani?"

"Safari kubwa. Siku nitaondoka, weye njo utanipuliza. Shingo, mikono, miguu. Usisahabu miguu."

Nilivimba kwa fahari. Kati ya wajukuu wote, kazi hiyo nimepewa mimi! Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza zaidi, kwa sababu nilidhani nimeelewa. Safari ni safari. Mtu anafunga mizigo, anapanda gari, anakwenda.

Basi siku ikafika. Mama mudogo Katungu, kitinda mimba wa Kaka, alikuwa anaolewa mjini Beni. Yeye alikuwa mwalimu kule, ameishi huko miaka mingi, na ndoa ingefungwa huko, kwa watu wa bwana harusi, katika mtaa wa Bungulu. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshaletwa kwetu wote, na baadhi walikuwa wameshaliwa. Kwangu mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuvuka mto wowote kwa gari, hapakuwa na safari kubwa kupita hiyo. Nilimtazama Kaka akifunga mizigo: unga, maharagwe, vitenge viwili, jibini ya kuwapelekea wakwe. Valizi ya bati haikuvutwa hata kidogo kutoka chini ya kitanda. Nikajisemea, maskini Kaka, uzee umeanza kumsahaulisha. Alipotoka kwenda kumuaga jirani, nikaingia chini ya kitanda, nikaitoa chupa, nikaificha ndani ya sweta yangu. Sikuiba. Nawaapia sikuiba. Nilikuwa namsaidia mzee.

Beni ilinipokea na joto ambalo Butembo hatulijui. Nilivua sweta mapema, nikaviringishia chupa ndani yake, nikawa naikumbatia kama mtoto mchanga, na kila aliyetaka kunipokea nilimkatalia. Asubuhi ya ndoa niliamka katika nyumba tuliyofikia, nikatoka uani kunawa uso, na hapo ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza wa siku ile. Uani palikuwa na mchungwa umechanua. Butembo ni baridi, machungwa tuliyaona sokoni tu, yameshaiva, yametoka pande za Beni. Ua lake sikuwa nimewahi kuliona. Nikaukaribia mti, nikavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya chupa! Mti mzima unanukia valizi ya Kaka! Nilisimama mdomo wazi, maji yananidondoka kidevuni. Niliona ni Mungu mwenyewe ananikumbusha kazi yangu.

Nikaingia ndani kumtafuta Kaka. Alikuwa jikoni na wanawake, hakamatiki. Nikaona afadhali nijaribu kwanza kwangu mwenyewe, nisije nikaharibu. Nikajipulizia shingoni. Oh! Ilikuwa baridi, nikaruka. Halafu ikawa ya moto. Halafu chungwa likafunguka, na mimi, kitoto cha Mususa chenye maganda ya viazi kwenye kucha, nikajisikia mrefu. Nilitembea ndani ya ile nyumba kama mke wa gavana.

Mama mudogo Katungu alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni lake la ndoa, anasubiri kuchukuliwa. Alinusa nilipopita mlangoni. "We Kavugho! Unanukia nini vile? Kuya hapa." Yeye hakuwa ameiona chupa ile hata siku moja, ilipoletwa alikuwa tayari Beni. Akaishika, akaitazama, akacheka kwa furaha. "Mungu wangu, ni muzuri! Nipulize na miye." Nikampulizia. Shingo, mikono, na, kwa kuwa nilikuwa mtoto mtiifu, miguu.

Ndipo mlango ulipofunguka. Kaka aliingia akicheka na mtu nyuma yake, akavuta pumzi moja, na kicheko kikakatika. Uso wake sijausahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kaburi limechimbwa sebuleni.

"Nani amefungula safari yangu?"

"Ni mimi, Kaka!" nilisema kwa sauti kubwa, nikingoja kusifiwa. "Ulisahabu malasi yako, njo mimi nikakubebea!"

"Yesu Maria! Katungu! Weye mutoto, ile ni malasi ya kunizikia!"

Na aliyekuwa nyuma yake, jamani, alikuwa shangazi wa bwana harusi, amekuja kumchukua bibi harusi. Alisikia kila neno. Alirudi hatua mbili, akaziba pua na kitenge. "Malasi ya mufu? Munapakala mariée wetu malasi ya mufu? Hapana! Huyu hapana ingia kwetu na hii harufu. Atatuletea lufu ku nyumba. Beba muntu wenu, murudi naye Butembo, na mbuzi zetu zirudi!"

Katungu aliangua kilio, akaanza kujisugua shingo na kitambaa cha meza, na kadiri alivyosugua ndivyo ua lilivyozidi kunukia. Nje gari linapiga honi. Watu wa kwaya wamefika. Chumba kizima kinanitazama mimi. Lakini niwaambie ukweli ambao sikumwambia mtu siku ile: wala sikuwa nafikiri habari za ndoa. Neno moja tu lilikuwa linanigonga kichwani. Kunizikia. Kumbe safari kubwa ndiyo hiyo. Kumbe Kaka atakufa, na anajua, na ameshafunga mizigo, na mimi ndimi niliyechaguliwa kumpulizia akiwa amelala. Nilihisi sakafu imeondoka.

Kaka akaninyang'anya chupa. Nilifumba macho, nikingoja kofi. Badala yake nikasikia psss, psss. Nikafumbua. Kaka alikuwa anajipulizia mwenyewe! Shingo, kifua, mikono yote miwili, akainua kitenge, miguu. Hata kitambaa cha kichwani. Wanawake walishika midomo. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Mufu ni nani hapa?" aliuliza. "Ni miye. Na miye niko muzima, ninasimama. Malasi ni yangu, ninaitosha ku kaburi, ninaitia ku ndoa. Kama lufu inafwataka harufu, ikuye inifwate miye, mwenye mali. Iwachane na mutoto wangu."

Kwetu maneno kama hayo hayachezewi. Mtu akijiitia kifo mbele ya mashahidi, amekiita. Kisha akamgeukia yule shangazi, na kabla mama wa watu hajajua la kufanya, psss! Shingoni.

"Sasa, bokilo, mukwe wangu, tunanukia wote. Utarudisha nani?"

Shangazi alibaki amepanua macho. Akajinusa bega. Akajinusa tena. Na akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa hajui ameshindwaje, na wanawake wote wakapasuka kucheka naye. Chupa ikapita mkono kwa mkono mpaka ikaisha. Tuliingia kanisani tumepangana safu nzima, tunanukia kama shamba la machungwa, na Katungu akaolewa.

Mimi nililia misa yote. Walidhani ni aibu. Kila nilipoinua mkono kujifuta, malasi ilinipanda puani, na mwili wangu mwenyewe uliniogopesha, kwa sababu nilikuwa nimevaa kifo cha Kaka. Yeye alikuwa mbele yangu, ameinua shingo. Baadaye kwenye karamu alicheza. Kaka wangu, ambaye sikuwa nimewahi kumwona akicheza! Joto la Beni lilikuwa linamfungua kama ua, wazee wa upande ule wakawa wanamwuliza mama huyu amepaka nini, naye anajibu kwa kiburi, "Parfum ya Dubai," na kunusa kiganja chake kila alipodhani hakuna anayemwona.

Nyumbani hakunipiga. Alicheka tu, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba alipopita alisema atamletea nyingine. Nikamfuata mpaka njiani, nikamshika suruali, nikamwomba kwa machozi asilete. Akili yangu ya miaka tisa ilikuwa imeshafanya hesabu: bila malasi, safari hakuna. Mjomba alinihurumia, au alisahau, sijui. Chupa haikuja tena. Na Kaka aliishi miaka tisa mingine, nami moyoni nilijua siri ya uhai wake. Nilipokua siri ile iligeuka kuwa mzigo. Nilikuwa nimemnyima mzee kitu kimoja alichojiwekea, tena mara mbili: kwanza nilikimaliza, halafu nikazuia kingine kisije.

Alifariki ule mwaka ambao Ebola ilikuwa kwetu. Hakufa na ugonjwa huo. Alikufa na tension, presha yake ya siku zote, kitandani mwake. Lakini wakati ule kila mfu alizikwa kwa namna moja. Walikuja watu wa afya wamejifunika toka kichwa mpaka kidole, nyeupe tupu, na miwani mikubwa. Hakuna kumwosha, hakuna kumgusa. Gauni lake jeupe liliwekwa juu yake jenezani likiwa limekunjwa. Makaburini sisi tulisimama nyuma ya kamba, na harufu iliyokuwa inatufikia ilikuwa ya klorini tu, inayochoma macho hata ya wasiolia.

Mama mudogo Katungu alikuwa amekuja kutoka Beni. Alisimama karibu nami, na pale ndipo nilipomwambia kwa mara ya kwanza habari ya mjomba na suruali. Nilimwambia mimi ndiye sababu Kaka anakwenda bila malasi. Nilikuwa nalia mpaka nashindwa kusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha kwa kidevu wale watu wa nguo nyeupe. "Na kama ingekuwako, Kavugho? Nani angemupuliza? Bale bantu? Waangalie: hata bao bamefunga pua." Akanigeukia. "Mama aliinusa ile malasi ye mwenyewe. Alicheza nayo. Weye ulisha ona mufu gani ananusa malasi yake?"

Tangu nilipokua nilijiita mwizi, na hakuna aliyenihukumu isipokuwa mimi. Na pale, jeneza likishushwa, mzigo ule ulinitoka mwilini kwa ghafla hata nikayumba. Nikamshika Katungu mkono, mbele ya watu wote, siku zile ambazo kushikana mikono kulikuwa kumekatazwa, na hakuna aliyetutenganisha.