Barua Yangu Iliyosomwa Msibani Kiloleli

Kuna kitongoji kule Kiloleli, wilaya ya Busega, ambako mimi sipiti tena mchana, na hata nikipita ndani ya gari nainama kama natafuta kitu kilichoniangukia miguuni. Ni aibu, nakubali, tena aibu ya kujitakia. Lakini kabla hamjaanza kunicheka naomba mjue kwamba mpaka leo nina hasira, na hasira yangu ina haki yake, maana nisingefika kule kama mtu mmoja, mmoja tu, kwenye chuo kile kizima angenijibu.

Mimi ni injinia wa maji, nafanya kazi Bariadi, na kazi yangu kubwa ni malambo ya kunyweshea ng'ombe, yale tunayochimba mwaka huu na baada ya masika mawili yamejaa tope na wafugaji wanatutukana. Nikaomba kusoma shahada ya uzamili, nikapata, na ofisi ikanipa ruhusa ya maandishi (na humo ndani wakachomeka sentensi moja ya kunitisha, kwamba nisiposajiliwa muhula huu ruhusa imekufa na nafasi anapewa mwingine, na huyo mwingine namjua, anakaa meza ya pili kutoka kwangu na kila asubuhi alikuwa ananiuliza "vipi Kabula, bado tu?" huku anatabasamu).

Sasa nyie mnadhani kusajili kozi ni kuchagua, kubonyeza, kwisha. Thubutu! Unachagua kozi zako kwenye mfumo, halafu mshauri wako wa masomo, yaani mwalimu mmoja uliyepangiwa wewe, lazima aingie aseme ndiyo, hizi zinamfaa, halafu wewe uingie tena uthibitishe, na yote hayo yawe yamekamilika Ijumaa saa kumi jioni. Asiposema ndiyo, wewe si mwanafunzi. Umefaulu, una barua ya kukubaliwa, umeshawaaga watu, lakini si mwanafunzi. Njia nyingine ni fomu ya karatasi yenye sahihi yake ya mkono, ambayo unaipiga picha na kuituma, nayo kabla ya saa kumi hiyo hiyo.

Mshauri wangu ni Dokta mmoja ambaye wakati huo nilikuwa nimeonana naye mara moja tu, mtu mpole, mrefu, ana sauti ya chini. Nikamtumia kozi zangu. Wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili kimya, nikipiga simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikaandika barua pepe tano, ya kwanza ilianza na "Shikamoo Dokta" na ya tano haikuwa na salamu yoyote. Kwenye mfumo wenyewe mara ya mwisho niliingia Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, ukaganda karibu saa nzima ukala na bando langu, nikaapa sirudi humo mpaka huyu mtu anijibu kwanza.

Alhamisi nikampigia dada wa ofisi ya idara.

"Dokta ana udhuru wa kifamilia," akaniambia. "Yuko kwao."

"Kwao wapi?"

"Si huko huko kwenu? Kiloleli."

"Na nani anakaimu nafasi yake?"

"Hakuna anayekaimu dada yangu. Kila mwanafunzi na mshauri wake."

Yaani hebu sikilizeni. Chuo kizima, majengo ya ghorofa, watu wana shahada mpaka zimekosa ukuta wa kutundikwa, lakini mtu mmoja akipata udhuru basi wanafunzi wake wote wasimame kama ng'ombe waliosahauliwa zizini. Hata wahasibu wa chama cha pamba wakiugua wana wa kuwashikia! Nililala nimekunja ngumi.

Ijumaa asubuhi nikapita steshenari pale mjini Bariadi, nikachapa fomu ya sahihi, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa mbele yangu na hasira ilikuwa kifuani, nikachapa na barua kwenda kwa mkuu wa idara, ya malalamiko dhidi ya mshauri wangu, ukurasa mzima, ili nikimkosa huko niipige picha niitume. Fomu na barua nikavitia kwenye bahasha moja ya kaki. Nikavaa suti yangu ya bluu ya mikutano (nilitaka anione mtu wa maana), nikapanda gari la Lamadi, na kutoka hapo nikaunganisha mpaka Kiloleli. Nikamwambia wa pikipiki nipeleke kwa Dokta wa chuo kikuu.

"Kwenye msiba?" akauliza.

"Msiba wa nani?"

"Wa mama yake. Wanazika leo."

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesema geuza. Mimi nikasema twende, nitakaa nyuma kabisa, nitampa pole, na nikiona nafasi nitamuomba sahihi ya sekunde mbili, kwani sekunde mbili zinaharibu nini? Saa yangu ilionyesha saa saba na nusu.

Nikakuta maturubai, wanawake wanapika pembeni, kwaya inaimba, watu wamejaa mpaka kwenye shamba la pamba la jirani. Mlangoni kulikuwa na mzee wa kamati mwenye kitambaa cheupe mkononi, anapanga watu: majirani kule nyuma karibu na zizi, wageni wa mbali upande huu, viongozi mbele kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, jirani kabisa na wafiwa. Akanitazama suti. Akatazama bahasha ya kaki. Uso wake ukachangamka.

"Wewe ndiye umetumwa na chuo?"

Nikatazama kule zizini. Nikatazama mbele, nikamwona Dokta wangu amekaa, hatua tano kutoka viti vya vitambaa. Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Sijawahi kujuta neno kama lile, hata siku ya ndoa yangu ya kwanza.

"Afadhali! Tulidhani wamemtupa," akasema, akanishika mkono akanipitisha katikati ya umati mzima, huku anawatangazia watu kushoto na kulia, "Wa chuo amefika, wa chuo," na watu wananipisha, bibi mmoja akanisalimia kwa Kisukuma "mwadila mayu", yaani habari za mchana mama, na kunipigia goti mimi mtoto mdogo. Nikakalishwa kati ya diwani na mchungaji. Nikaletewa maji ya chupa. Kisha yule mzee akanyoosha mkono, "Salamu tupe, tumpelekee MC," na mimi (nisemeje sasa, kwamba hii ni fomu yangu ya kozi?) nikaachia bahasha. Nilijiambia wataiona ni fomu, watanirudishia kimyakimya, na barua, wallahi, barua ilikuwa imenitoka kichwani kabisa.

Zikasomwa salamu za kijiji, za kanisa, za kikundi cha akina mama. Kisha MC, kijana mwenye sauti nzito ya kupenda kusikika, akasema, "Na sasa, kwa heshima kubwa, salamu kutoka chuo kikuu anakofundisha mtoto wa marehemu." Watu wakatulia. Akapasua bahasha, akatoa karatasi ya juu, akasoma bila kupumua:

"Jina, Kabula. Kozi za lazima. Usanifu wa Mabwawa. Haidrolojia ya Juu. Uchimbaji wa Visima Virefu."

"Amina," wakaitikia akina mama wa nyuma.

Diwani akanigeukia taratibu. Mimi nikatazama chupa ya maji. MC akasita, akasema samahani wapendwa, hii ni ratiba, salamu zenyewe ni hii hapa, akachukua karatasi ya pili, na hapo ndipo nilipokumbuka. Nilitaka kusimama, lakini alishajikohoza. Na naomba niseme, kichwa cha barua nilikiandika kwa herufi kubwa, MALALAMIKO, angekisoma angejua, lakini MC wetu hawa hawasomi kichwa, wao wanarukia mwilini waanze kutetemesha sauti.

"Kwa masikitiko makubwa naandika kukujulisha," akaanza, na wanawake wakaanza kulia upya, "kwamba kwa muda wa wiki tatu sasa mpendwa wetu..." (hilo "mpendwa wetu" aliliongeza yeye mwenyewe, mimi niliandika "mhusika") "...hajaonekana, hasikiki, na sisi tunaomtegemea tumeachwa yatima. Tumeita hajaitika. Tumeandika hajajibu."

Kilio kikapanda. Mchungaji akatikisa kichwa kwa uchungu. Shangazi mmoja wa Dokta, aliyekaa mkekani mbele yangu, akanishika goti akasema, "Umesema vizuri, mwanangu."

"Huu ni uzembe usiovumilika," MC akaendelea, na sauti ikaanza kupungua kwa sababu hata yeye sasa alikuwa anaanza kuelewa, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kutangulia, "na ninaomba Dokta achukuliwe hatua kali za kinidhamu."

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikasikia ng'ombe wakicheua kule zizini. Shangazi akaondoa mkono wake kwenye goti langu.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ya kutosha. "Amekuja kumshtaki mtoto mbele ya mama yake?"

Nikasimama. Nilitaka kueleza habari ya mfumo, ya Ijumaa saa kumi, ya yule wa meza ya pili, na kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Nilikuwa naomba sahihi tu." Mtu akaguna. Kijana wa wafiwa alishaanza kukunja mikono ya shati.

Dokta mwenyewe ndiye aliyeokoa. Aliinuka, macho yamevimba, akachukua ile barua mkononi mwa MC, akaikunja bila kuisoma. Akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Ametoka mbali. Naomba asiguswe." Kisha akanisogelea, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Kabula, mbona kozi zako nilishaziidhinisha? Tangu Jumanne. Hukuona?"

Jumanne! Mimi niliususa mfumo Jumatatu. Na mfumo wenyewe (hapa ndipo damu inapochemka) hautumi meseji, hautumi barua pepe, hausemi lolote, mtu anakuidhinisha halafu unakaa kimya kama mwizi, ni wewe uhisi tu. Nikatoa simu, nikaingia, ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka. IMEIDHINISHWA. Na chini yake kwenye kisanduku cha ushauri alikuwa ameandika: "Kozi ya Mienendo ya Tope Mitoni nimeongeza mimi, itakusaidia kwa malambo ya huko nyumbani. Samahani sana kwa kuchelewa, namuuguza mama hospitali."

Nilisoma mstari ule mara mbili. Alikuwa ameomba radhi. Mtu amekaa kwenye benchi la wodi, mama yake anakata roho, anapitia kozi zangu moja moja, anafikiria malambo yangu, halafu ananiomba mimi radhi, na mimi nimekuja kumwita mzembe pembeni ya jeneza la mama huyo. Machozi yalinitoka pale pale, na safari hii hayakuwa ya hasira.

"Umethibitisha?" akauliza.

"Bado."

"Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nikasema hapana Dokta, nitafanya baadaye, tuzike kwanza, lakini shangazi alishasikia kila kitu na hakuwa na subira.

"Mayu, bonyeza hicho kitu chako," akasema. "Bonyeza, tuzike mtu wetu."

Nikabonyeza. Na mfumo ule, ndugu zangu, ukaganda. Umati mzima wa Kiloleli, mchungaji na Biblia yake mkononi, kwaya na majoho yake, vijana waliokwisha kushika jeneza, wote wamesimama wanatazama simu yangu, duara dogo linazunguka. Diwani akasema jaribu kusogea huku mtandao uko vizuri, nikasogea. Mtu akasema inyanyue juu, nikainyanyua juu, suti ya bluu na mkono hewani kama nimeteuliwa kuapishwa. Ilichukua muda ambao sitaki kuukadiria. Kisha maandishi ya kijani yakatokea, na yule MC asiyejifunza akasema kwenye kipaza sauti, "Imekubali!" na watu wawili watatu wakapiga makofi, wakakumbuka walipo, wakaacha.

Sikuondoka. Nilivua koti, nikaenda kwa akina mama, nikasugua masufuria ya ubwabwa mpaka jioni, hakuna aliyenisemesha na sikustahili kusemeshwa. Nilipomaliza, mikono ikiwa bado na majivu, nikafungua tena simu, maana chini ya ujumbe wa Dokta kulikuwa na nafasi ya mwanafunzi kujibu. Nikaandika pole ndefu, ya kweli, ya kwanza tangu nifike pale. Nikatuma. Mfumo ukaniambia muda wa kujibu mshauri umekwisha saa kumi jioni.

Basi nimeapa, na mnishuhudie: sitaandika tena barua ya kumlaumu mtu kabla sijauliza yuko wapi na yuko katika hali gani, wala sitasema ndiyo kwa ajili ya kiti. Mfumo wao ni mbovu, narudia, na nitalisema hilo hata mbele ya mkuu wa chuo. Lakini jioni ile ilinibidi nifute mikono, nipite mbele ya watu wale wote, mbele ya yule shangazi, nipige goti mbele ya Dokta na kumwambia kwa mdomo wangu, "Pole, Dokta, kwa kufiwa na mama."

Akasema, "Asante."