Kifaa cha Kusikia Hakinunuliwi Mara Moja

Mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyompelekea mama yangu kifaa cha kusikia, naye akakirudisha mkononi mwangu.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa, baada ya foleni ndefu za sabuni na sukari. Mchuuzi mmoja wa mtaa wa Mukendo, pale Musoma, alikuwa na kifaa kilichokwisha kutumika, kwa bei niliyoimudu. Akaniruhusu mama akijaribu kwanza. Nikakifikisha kwa mama, kijijini Kibara, kwa furaha.

Mama aliuza dagaa, na usikivu ulikuwa umempungua. Aliacha kwenda jumuiya, kwenye sala za majirani, maana wenzake wakicheka hakujua wanacheka nini. Mwanamke aliyepatanisha nyumba za watu, sasa alikaa jikoni peke yake. Hilo liliniuma.

Alikigeuzageuza, akauliza, "Masatu, hii inakulaga nini?"

Nikampazia sauti kwamba inakula betri, ndogo kama kidonge. Akataka kujua zinauzwa wapi. Sikujua. Akauliza kile kipira cha kuingia sikioni kilipimwa kwenye sikio la nani. Hilo nalo sikulijua.

"Basi umeniletea karabai bila mafuta," akasema, "tena ina kioo cha taa nyingine." Nikakirudisha kwa mchuuzi.

Tukaenda kwa mtaalamu wa masikio, Mwanza. Alipotaja bei nilimaka: kitu kama punje ya harage, bei ya fahali! Mama hakushtuka. Aliomba aelezwe kilichomo ndani ya bei hiyo, polepole, nami nikimrudia maneno kwa sauti. Ndipo nilipoelewa. Kulikuwa na kupima usikivu, kutengeneza kipira cha sikio lake mwenyewe, na kurudi kurekebishiwa sauti. Betri zilikuwa juu yetu, na hazina mwisho.

Nyumbani alituita wanawe, akatugawia mzigo kama wavuvi wa dagaa wanavyoshirikiana: huyu hutoa mtumbwi, yule karabai, mwingine mafuta, na kila mmoja hupata fungu lake. Kaka Mafuru, mwenye ng'ombe, alipewa kulipia kifaa. Dada akapewa nauli za kwenda Mwanza. Mimi nikapewa betri, nikanung'unika kwamba fungu langu ni dogo.

Mama akacheka. "Mwenye mafuta akilala, mtumbwi wote umelala."

Mara ya kwanza nilipompelekea betri nilimkuta jumuiyani, amewatangulia wenzake kucheka. Nilizinunua mpaka alipofariki, na sijaona fungu kubwa kuliko lile.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitajiwa bei ya kifaa cha kusikia, usiikimbie, wala usikimbilie cha bei ndogo. Rahisi huvunja upishi. Uliza bei hiyo imebeba nini na imeacha nini. Uliza kifaa kitakula nini kesho, na nani atakilisha. Kisha mgawane, maana mzigo wa wengi ni unyoya.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia wazee wako, nao wasikose wa kuwaletea mafuta.