Pini Iliyotoka Asubuhi

Zamani kitu kilichokwama kilisubiriwa hadi kikubali, siku hizi kinavunjwa, na anayekivunja husifiwa kwa wepesi wa mikono.

Mukhwana alitengeneza pikipiki kwenye steji yetu ya bodaboda ya Kapsoya tangu steji yenyewe ilipokuwa na pikipiki chache tu. Benchi lake lilikuwa chini ya kipande cha bati, na kando yake mkewe, Nelima, aliuza chai. Nilikunywa chai hiyo kila asubuhi tangu kiwanda nilichofanyia kazi kifungwe, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Kabureta iliyogandamana ilitumbukizwa kwanza katika maji ya moto ya Nelima, kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo, ndipo Mukhwana aiguse. Nyundo alikuwa nayo, ila ilikuwa ya misumari ya bati.

Mwaka jana vijana walimchagua Kipchumba awe mwenyekiti wa steji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa kumefunguliwa duka la spea, na mwenye duka alimtafutia fundi wake nafasi ya kukaa. Nafasi iliyotakiwa ni ya Mukhwana. Kipchumba hakumfukuza. Alimletea pikipiki ya Wesonga, mmoja wa vijana hao, iliyokuwa imelala nje msimu mzima wa mvua na petroli ndani.

"Mzee, hii itoke leo jioni. Ikishindikana, tutapatia mwingine hii nafasi."

Mukhwana akafungua bakuli la kabureta. Floti, kile kipande chepesi kinachoelea na kuzuia petroli isifurike, ilikuwa imeshikwa na kutu. Pini inayoibeba hupita kwenye miguu miwili myembamba. Ukiigonga kwa nguvu, mguu hukatika na kabureta nzima imekufa. Aliichovya kwenye maji ya moto, akaipangusa, akaidondoshea mafuta, akaisukuma kwa ncha ya msumari. Haikusogea. Akarudia hadi jua likaanza kushuka.

"Mzee, hiyo unatengeneza ama unaiombea?" Wesonga akauliza, na wenzake wakacheka.

"Ikilala kwa mafuta usiku mmoja, itatoka."

"Kulala ni kwa watu. Igonge."

"Nikiigonga itavunjika."

"Ikivunjika si nitanunua ingine? Ziko hapo ng'ambo zimejaa kama mandazi."

Nelima alikuwa akimimina chai ambayo hakuna aliyeiagiza. "Baba Nanzala, igonge tu," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Tutaenda wapi, na chai yangu wananunua hawa hawa?"

Mukhwana aliitoa nyundo. Aliishika kwa muda, kisha akairudisha chini ya benchi. Sijui kama ule ulikuwa ujasiri au ukaidi. Wazee walionilea hawakuwa na haja ya kuvitenganisha.

"Basi ibebe, mzee, mkalale nayo," Wesonga akasema. Mukhwana akaenda nayo nyumbani ndani ya kopo la mafuta.

Asubuhi nilimkuta njiani akitembea haraka kuliko kawaida yake. Alinifungulia kitambaa nione. Pini ilikuwa imetoka kwa kusukumwa na kidole gumba, miguu yote miwili mizima, na vitundu vya jeti, njia ya petroli, vilipitisha mwanga.

Tulipofika stejini, pikipiki ya Wesonga ilikuwa ikinguruma, kabureta mpya imefungwa. Benchi lilikuwa limesukumwa hadi kwenye mtaro. Chini ya bati, fundi wa dukani alikuwa ametandika gunia lake na kupanga spana.

"Yako imepona," Mukhwana akasema, akimnyooshea Wesonga kitambaa.

Wesonga hakucheka safari hii. "Pole, mzee. Weka tu."

"Niiweke wapi?"

Kipchumba alikuwa anatazama simu yake.

Nelima hakuambiwa aondoke. Alizima jiko mwenyewe, akamwaga chai iliyokuwa tayari, akaanza kukusanya vikombe, hata vile vilivyokuwa mikononi mwa watu.

Mara ya mwisho niliwaona Timboroa, baada ya miezi mingi, lori lililonibeba liliposimama kwa sababu ya ukungu. Walikuwa kando ya barabara ya Nakuru wakiuza karoti. Mukhwana alikuja mbio hadi dirishani, koti limelowa mabegani, ameinua fungu juu. Aliponitambua akasimama, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau bei. Nyuma yake Nelima akaita, "Baba Nanzala, ile gari ingine inasimama," naye akageuka akaikimbilia.